Mama anakohoa kwenye nyumba mpya. Nimefika lenta, nirekebishe nini kabla sijapaua?

mtoto_wa_ngamiani

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kutoka Tanga. Habari yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie, maana nikiikata mtanipa jibu la nusu.

Mama yangu ana miaka 71. Tangu aolewe alikaa Ngamiani kwenye nyumba ya Kiswahili ile tunayoijua wote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, jiko na choo uani. Bati lina kutu, sakafu ina nyufa, ukitembea unazihesabu kwa nyayo. Mwaka juzi nikamaliza kujenga Kange nikamhamishia kwangu. Nyumba mpya, tailizi mpaka chooni, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Chumba chake nilikipaka rangi aliyoichagua mwenyewe.

Ule mwezi wa pili wa joto kali nikaanza kusikia mlango usiku. Natoka, namkuta kibarazani amelala juu ya mkeka, kajifunika kanga. "Humo ndani hamna hewa, mwanangu." Nikamletea feni. Ikawa inamzungushia joto lilelile. Masika yalipoingia kikaanza kikohozi, kifua kinalia kama filimbi usiku kucha. Tumekwenda hospitali, kapewa dawa ya kuvuta. Daktari akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: analala chumba gani?

Niliporudi nikalivuta kabati lake kutoka ukutani. Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu, ukungu umetambaa kama ramani. Doti mbili za kanga zilizokuwa chini kabisa, moja ni ile aliyovaa siku ya harusi ya dada yangu, zimeota madoa ya kijani. Nilikaa chini pale na hizo kanga mkononi sijui nimwambie nini.

Chumba chenyewe ni futi 10 kwa 10. Kina dirisha moja tu, linatazama magharibi. Ukuta wa kabati ndio ukuta wa bafu upande wa pili. Nimepima dirisha: lina upana wa futi 5, lakini kwa kuwa vioo vinasukumwa kimoja nyuma ya kingine, nafasi inayofunguka ni futi 2 na nusu. Nusu ya dirisha nililolipia haifunguki kamwe.

Sasa nimeamua kumjengea kijumba chake hapohapo kiwanjani, nyuma: chumba, sebule, jiko dogo, choo cha ndani. Kuta zimefika lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Aliyenichorea ramani kaweka paa la kuficha, lile ambalo bati linafichwa nyuma ya kuta, kama mtindo wa siku hizi. Bati na mbao sijanunua. Naomba mnaojua mniambie nirekebishe nini sasa hivi, kabla ya kupaua, ili mama apumue. Sitaki kukosea mara ya pili.

---

jirani_wa_pongwe

Pole sana kaka. Mimi ningekushauri kiyoyozi tu, hizi za kisasa hazili umeme kama zamani. Mama atalala vizuri.

---

fundi_chokaa

Mwanangu, pole wewe na mama. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa 34 sasa nashika mwiko, na nyumba za Ngamiani nimezikarabati nyingi kuliko nilizojenga mpya. Nakushukuru umepima dirisha. Wengi hawapimi.

Nianze na kilichomtoa mama chumbani. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka magharibi linapozama. Tofali la saruji ni zito, linakunywa joto taratibu na kulitoa taratibu. Linaanza kulitapika ndani saa mbili, saa tatu za usiku, yaani wakati mama anapanda kitandani. Weka kiganja chako kwenye ukuta ule saa tatu usiku, utaamini. Juu yake kuna bati. Saa saba mchana bati haligusiki kwa mkono, na kama hewa iliyo kati ya bati na dari haina pa kutokea, jipsamu inakuwa kama kikaango kilichogeuzwa juu ya kichwa cha mtu.

Halafu dirisha moja. Upepo hauingii chumba ambacho hauwezi kutoka. Hata ukifungua dirisha la futi 10, kama ni moja na mlango umefungwa, hewa inachungulia tu na kurudi. Chumba kinataka tundu mbili, kuta mbili tofauti, vizuri zaidi zikitazamana.

Sasa tazama ile nyumba aliyotoka. Ukumbi unatoka barabarani moja kwa moja mpaka uani, ule ni mfereji wa upepo. Kuta za kugawa vyumba nyingi hazifiki juu kwenye bati, kwa hiyo joto linapanda na kuhamia, halikai na mtu. Baraza inaukinga ukuta wa mbele na jua. Wazee hawakuwa na digrii lakini walikuwa wanalala humo, na anayelala ndiye anayejua. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Vyumba vya kati vilikuwa na giza, moshi wa jikoni umewaharibu macho mama zetu wengi, na wizi kupitia juu ya kuta haukuwa hadithi. Ila upepo waliupa njia.

Hapa kwetu pepo ni mbili, unazijua. Kusi inakuja na masika, inavuma kutoka kusini na kusini mashariki karibu mpaka mwezi wa tisa. Kaskazi inaingia Desemba mpaka Machi, kutoka kaskazini mashariki, na ndiyo tunayoihitaji zaidi kwa sababu ile ndiyo miezi ya fukuto. Kwa hiyo chumba cha mama kiwe na dirisha upande wa kusini na lingine upande wa kaskazini, au mashariki ikishindikana. Magharibi acha ukuta mtupu, na nje yake panda kitu. Mwembe utachukua miaka, mpapai na mgomba vitakupa kivuli mwaka huohuo.

Paa la kuficha, naomba uliache. Nasema kwa mapenzi. Lile paa halina upenu. Mvua ya masika inapiga ukuta moja kwa moja, jua linapiga dirisha moja kwa moja, na maji yote ya paa yanategemea kimfereji kimoja ambacho jani la mwembe linakiziba. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Hata Juni, linapoinama zaidi, upenu wa futi 3 unatia kivuli ukuta zaidi ya futi 5 kwenda chini saa sita mchana. Dirisha lote linakuwa kivulini bila kulipa senti ya umeme. Futi 3, usikubali fundi akupe futi moja na nusu kwa kubana mbao.

Umefika lenta, kwa hiyo bado una nafasi. Mwambie fundi aongeze kozi mbili, yaani safu mbili za tofali, zaidi ya alizopanga juu ya lenta. Ni tofali chache, lakini joto litakaa juu ya kichwa cha mama badala ya kukaa usoni. Katika kozi ya juu weka tofali za matundu pande zote mbili. Kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, huku na huku, acha matundu ya kutolea joto lililo juu ya dari. Na madirisha yawe ya kufunguka yote, ya mbao au ya chuma yenye bawaba, au yale ya vioo vya luva yaliyokuwa kwenye nyumba za serikali. Ya kusukuma usiyarudie.

Kuhusu ukungu. Kabla hujapaka tena chumba kile, fanya hivi: kausha kipande cha ukuta, bandika nailoni safi ya ukubwa wa daftari, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache siku mbili. Ukikuta maji yamejikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji: bomba la bafu linavuja, au maji ya ardhini yanapanda kwa sababu hawakulaza nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na juu ya msingi. Ukikuta maji upande wa mbele, wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaoganda ukutani kwa sababu chumba hakipumui. Dawa ni tofauti. Wengi wanakwangua na kupaka rangi ya mafuta juu, ukungu unakaa chini yake unacheka, mwezi wa pili umerudi.

Kwenye kijumba cha mama hakikisha nailoni imo. Kama jamvi halijamwagwa, simama hapo mwenyewe uone inalazwa. Ndani mpakie chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue na ukungu hauipendi kwa ukali wake. Nyumba za mwambao huu zimepakwa chokaa kwa mamia ya miaka, na mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, mwenye kubisha aende Amboni akaangalie mapango. Na kabati lisigusane na ukuta, acha upana wa kiganja.

---

muuguzi_muheza

Fundi, shikamoo. Nimesoma kila neno na nakuunga mkono, ila kuna mahali nitakupinga kwa adabu.

Matundu ya juu bila wavu ni mlango wa mbu. Mbu wa malaria anayeuma usiku ndani ya nyumba mara nyingi haingii dirishani, anapanda na ukuta mpaka anapokuta uwazi kati ya ukuta na paa, anaingilia hapo. Kwa hiyo kaka, kila tundu ambalo fundi amekutajia lifungwe wavu wa waya mgumu, siyo ule wa nailoni unaochanika ndani ya mwaka. Na ujue kwamba wavu unapunguza upepo. Ndiyo sababu dirisha lenye wavu linatakiwa liwe kubwa kuliko ulivyozoea. Watu wanaweka dirisha dogo, wanaongeza wavu, wanaongeza pazia zito, halafu wanasema Tanga kuna joto.

Huku kwetu Muheza, kijijini Magoda, zilijengwa nyumba sita za majaribio, wasanifu wa Denmark wakishirikiana na watafiti wa malaria. Nimeziona kwa macho yangu. Kuta zake za mianzi, mbao na wavu wa kivuli, nyingine za ghorofa moja juu, watu wanalala juu. Walizipima wakilinganisha na nyumba za kawaida za kijiji: zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu walipungua, na zile za ghorofa ndizo zilizofanya vizuri zaidi kwa mbu. Kule Gambia watafiti walipandisha vibanda mpaka mita 3 kutoka ardhini, mbu wa malaria wakapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Baadaye mawazo hayo yakapelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za familia. Sisemi umjengee mama wa miaka 71 ghorofa, ngazi zitammaliza. Nasema kwamba hewa na mbu havipingani. Nyumba inaweza kupitisha hewa na bado ikamzuia mbu, mradi mtu amekaa akafikiri.

Kwa ndugu aliyetaja kiyoyozi: kile cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Chumba kikiwa na ukungu, anaendelea kuuvuta ukiwa wa baridi. Kwa mtu mwenye kifua hilo siyo jibu.

Mimi hewa naitetea kwa sababu ya kazi yangu. Mwaka 2007 kulitolewa utafiti uliofanywa Lima, Peru, kwenye hospitali, kuangalia kifua kikuu. Walipofungua madirisha na milango, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kubadilishia hewa vilikuwa na mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari la juu na madirisha makubwa, yaliyashinda yale mapya. Nilipoisoma niliifikiria hospitali yetu ya Bombo, lile jengo la zamani la Wajerumani linalotazama bahari. Waliliweka pale juu linywe upepo. Mgonjwa anayekohoa anatakiwa chumba cha namna ile, na mama yako ni mgonjwa anayekohoa.

Mawili ya haraka. Jiko la mama liwe na dirisha lake na tundu juu, hata akitumia gesi, maana mwenye pumu hata moshi wa maandazi unamwamsha kifua. Mkaa usiingie ndani kabisa. Na tangi la maji lifunikwe kisawasawa: mbu wa dengi anazaliana kwenye maji safi ya majumbani na anauma mchana. Mwaka 2019 Tanga na Dar tuliiona dengi kwa wingi.

---

binti_wa_makorora

Kaka yangu, mafundi na wauguzi wamemaliza ya hewa. Mimi naomba nikuulize: mama umemuuliza anataka kukaa wapi akiwa macho?

Nauliza kwa sababu nililifanya kosa hilo. Mama yangu nilimtoa Makorora nikampeleka kwenye nyumba yenye ukuta wa uzio wa futi 8 na geti la chuma. Hewa ilikuwepo, ukungu haukuwepo. Lakini kutoka asubuhi mpaka jioni alikuwa anatazama ukuta. Makorora alikuwa anakaa barazani, anachambua mchicha, kila anayepita anamwamkia, anajua nani kazaa na nani kasafiri. Kwangu akaacha kuongea. Akaacha kula vizuri. Nilidhani ni uzee. Siku aliyorudi Makorora kwenye msiba wa jirani alikaa wiki nzima na akarudi amenenepa.

Kuna mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, mwaka 1984 aliandika kuhusu wagonjwa waliopasuliwa nyongo. Wengine dirisha lao lilitazama miti, wengine lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Hospitali moja, upasuaji uleule. Tofauti ilikuwa dirisha linatazama nini.

Sasa mafundi wetu wanaanza dirisha kozi ya nne au ya tano, mtu akikaa kwenye mkeka anaona mbingu tu. Mama zetu wanakaa chini! Mshushie dirisha moja mpaka aone njia akiwa amekaa. Mjengee na baraza, siyo ya urembo, ya kukaliwa: kina cha futi 3 angalau, aweze kukunja miguu. Chooni weka chuma cha kushikia na tailizi za kukwaruza, mlango usiwe na kizingiti. Swichi iwe karibu na kitanda. Mama yangu alianguka akitafuta swichi gizani.

---

mtoto_wa_ngamiani

Nawashukuru wote. Fundi, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Nailoni nimeibandika. Siku ya pili maji yalikuwa nyuma yake, yanatiririka kabisa. Fundi bomba amevunja tailizi nne bafuni, kiungio kimoja kilikuwa kinatoa maji polepole ukutani, nadhani tangu siku ya kwanza. Kimebadilishwa. Ukuta nimeukwangua mpaka tofali, unakaushwa, na mama nimemhamishia sebuleni kwa sasa. Usiku huu ni wa nne halali kibarazani.

Ramani ya paa la kuficha nimeiacha. Fundi wa kupaua ananipigia hesabu upya ya paa la kawaida lenye upenu wa futi 3. Mbao zimeongezeka, lakini zile kuta za kuficha sijengi tena, kwa hiyo fedha hazijapishana sana. Kozi mbili zinaongezwa. Wavu wa waya nimeupata mjini, nimenunua na wa akiba.

Dada wa Makorora, maneno yako yalinikosesha usingizi. Sikuwa nimemuuliza. Jana baada ya alasiri nikamchukua mkono tukaenda naye kwenye kile kijumba, bado mchanga mtupu chini, nondo zinachomoza. Nikamwambia, mama, hiki ndicho chumba chako, utakaa wapi? Alisimama kidogo. Akaniomba mkeka. Akautandika kwenye kona ya kusini mashariki, akakaa, akanyoosha miguu, akafunga macho. Upepo ulikuwa unaingia kwenye uwazi wa dirisha juu ya kichwa chake, ushungi wake unacheza. Halafu akafungua macho akagonga tofali zilizokuwa mbele ya uso wake kwa kidole, mara mbili.

"Hapa. Nataka nimwone muuza samaki akipita."

Kutoka pale alipokaa, ng'ambo ya tofali zile ni njia ya watu wanaoshuka kutoka stendi. Mimi nilikuwa nimepanga kuweka ukuta wa uzio upande huo. Nimechora mstari kwa chaki, unaanza kozi ya pili. Fundi anakuja Jumamosi kuzitoa hizo tofali, na kwa uzio nitafute namna ya kupanda michongoma kwa chini, au kama kuna mwenye wazo jingine ambalo halitamzibia, naomba aniandikie kabla ya Jumamosi.